Mtindi wa Ndimu

Habari hii nilisimuliwa Jumanne iliyopita na dada wa maabara ya zahanati yetu, alipokuwa akinitoa damu. Aliniona naikodolea macho sindano, akaniambia, "Bibi, tazama ukutani, nikupe kisa." Kisa kilikuwa chake mwenyewe, cha alipokuwa na miaka kumi na miwili. Nami nawaandikia wajukuu kama nilivyokisikia.

Wakati huo nyumbani walimwita Kijiko, kwa sababu hakuna sufuria iliyopita mbele yake bila kuonjwa. Kila asubuhi kabla ya shule alichemsha maziwa, akayaepua, akanawa mikono vizuri na kutumbukiza kidole. Kidole kikivumilia mpaka akahesabu kumi, maziwa yalikuwa tayari. Hapo aliyamimina juu ya vijiko viwili vya mtindi wa jana, waliouita mbegu, akafunika bakuli na kulizungushia taulo. Akirudi mchana, yameganda. Mama yake ndiye aliyemfundisha. Mama alikuwa amefariki miezi mitatu nyuma, na tangu siku ile Kijiko alifanya kila kitu kama saa ya ukutani: inakwenda, lakini haisikii chochote.

Baba yake, fundi bomba, naye hakuwa na maneno. Jioni alikula mtindi, akafuta mdomo, akasema, "Ni ule ule wa mama yenu." Basi. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo ya mezani.

Jumatatu moja Kijiko alichelewa kuamka. Kidole hakukitia. Aliyamimina maziwa yakiwa bado yanafuka, juu ya mbegu yote iliyobaki, akakimbilia shule. Mchana alipofunua bakuli alikuta maziwa mepesi, matamu, kama yalivyotoka jikoni. Hakulia. Alisimama tu na taulo mkononi, akawaza polepole: nimeua kitu cha mwisho cha mama. Kisha akachukua ndimu mbili, akakamulia humo, akakoroga. Maziwa yakakatika mabongemabonge. Kwa mtu aliye mbali, ulikuwa mtindi.

Mdogo wake, mtoto wa miaka mitano aliyejiita Bosi, alionja akakunja uso. "Dada, mtindi leo umenuna."

"Kula."

Baba alikula akamaliza. Akafuta mdomo. Hakusema kitu.

Kesho yake Kijiko alichukua vijiko viwili vya maziwa yale ya ndimu, akavifanya mbegu. Maziwa mapya hayakuganda. Akakamua tena ndimu. Siku ya tatu hivyo hivyo.

Wiki ile Bosi alikuwa akinywa dawa ya kuua bakteria, kwa sababu ya sikio lililotoa usaha, na dawa ikawa imemharibu tumbo. Muuguzi wa zahanati, jirani yao na rafiki wa marehemu mama, alikuwa ameagiza anyweshwe maji ya chumvi na sukari ya pakiti, tena apewe mtindi kila siku. Alhamisi alipita kumtazama.

"Bosi, nasikia umehamia chooni."

"Nimehamia. Bado godoro tu."

Muuguzi akacheka, kisha akamgeukia Kijiko. "Maji anakunywa?"

"Anakunywa, shangazi."

"Na mtindi wa mama yenu?"

"Anakula."

"Kila siku?"

"Kila siku."

Muuguzi akakuna kichwa. "Basi sielewi. Kesho nitampeleka hospitali kubwa wamtoe damu, pengine kuna ugonjwa mwingine."

Bosi akaficha mikono nyuma ya mgongo. Kijiko alimtazama, na maneno yakamtoka makavu, kama anayesoma ubaoni. "Si mtindi, shangazi. Ni maziwa na ndimu. Mbegu niliiunguza Jumatatu."

Muuguzi akavuta kigoda, akakaa. Hakugomba.

"Mtindi una bakteria wazuri, walio hai," alisema. "Hao ndio wanaoyagandisha maziwa. Ulipowamwagia ya moto, wakafa. Ndimu nayo inagandisha, lakini ndani hamna mtu. Na hata wale hai, mwanangu, safari yao ni ngumu. Tumboni kuna tindikali kali, wengi wanafia hapo. Wachache wanafika kwenye utumbo, wanawasaidia wenzao waliopunguzwa na dawa, siku chache tu, halafu wanatoka."

"Hawabaki?"

"Hawabaki. Ndiyo maana mama yenu aliwapa kila siku."

Kijiko akatikisa kichwa. "Na sasa haupo tena."

"Nani kasema? Mama yako alikuwa mchoyo? Mbegu aliyonigawia miaka mitano iliyopita bado naiendeleza jikoni kwangu. Ungekuja Jumatatu ile ile, ungepata. Sikia nikwambie. Kuunguza lilikuwa kosa la dakika moja, lingempata yeyote. Kuficha ndiko kulikochukua siku nne, na aliyekula kosa hilo ni mdogo wako. Mtindi si uchawi, huenda usimtibu, lakini mimi nikidanganywa ninatibu nini? Damu tuiache kwanza."

Jioni bakuli la mtindi wa jirani lilikuwa mezani. Kijiko alimweleza baba yote kabla hajashika kijiko.

"Nilijua," baba alisema. "Siku ile ile ya kwanza."

"Mbona hukusema, baba?"

Baba aligeuzageuza bakuli. "Nilidhani umechoka kupika kama yeye. Nikaona nisikuchokoze." Akaliacha bakuli, akasema, "Na mimi nilificha. Tusifanye hivyo tena humu ndani."

Jumapili tumbo la Bosi lilikuwa limetulia. Huenda ni mtindi, huenda ni kwa kuwa dawa ziliisha Ijumaa. Muuguzi mwenyewe alisema hajui. Usiku huo Bosi alilala wa kwanza, mdomo wazi. Baba akafuata, akikoroma. Kijiko alilala chali akijisikiliza. Machozi hayakuja. Ilikuja aibu kidogo, ya zile ndimu, na hakuifukuza, maana kwa miezi mitatu hakikuwa kimekuja kitu chochote. Akageukia ukutani, akasinzia.