Kijiko cha Haiza

"Mak Su, hebu niangalizie. Huyu paka ana masikio mangapi mazima?"

Mak Su Kiah, mpishi wa kantini ya kiwanda cha glavu, alifuta mikono kwenye aproni, akaipokea simu na kuisogeza mbali na macho.

"Mawili. Paka ana masikio mawili, we mtoto. Harusi imeshakupanda kichwani?"

"Komeng ana moja na nusu."

Mak Su akaitazama tena ile picha ya paka wa rangi ya chungwa aliyekaa kwenye majani, masikio wima, kanona. Chini yake Rizal alikuwa ameandika: *Komeng wako huyu, mpenzi. Shamba limemkubali. Wiki mbili tu na wewe utakuwa wangu.*

"Labda limeota," Mak Su alisema polepole.

"Sikio halioti, Mak Su."

Na Haiza alijua alichokisema. Nyuma ya chumba cha boila, pale kwenye joto, walikuwa wakiishi paka kumi na wawili wasio na mwenyewe. Haiza aliwapeleka kliniki wote, wawili wawili, ndani ya kikapu nyuma ya pikipiki yake, wakafungwa kizazi. Kila aliyefungwa alikatwa ncha ya sikio la kushoto, ili mtu mwingine asije akampasua bure. Mwaka mzima hakikuzaliwa kitoto hata kimoja, na panya wa stoo walihama wenyewe. Paka wale hawakumwamini mtu. Walikuja kwa sauti moja tu, kijiko cha Haiza kikigonga kopo la sadini, ta-ta-ta, saa ya chakula cha mchana. Bosi akigonga hawaji. Mlinzi akigonga hawaji.

Kisha wanunuzi wa ng'ambo wakatangaza wanakuja kukagua usafi, na bosi akasema paka wawe wameondoka kabla ya Ijumaa. Haiza alilia siku nzima. Rizal, mchumba wake, msaidizi wa msimamizi wa majengo, ndiye aliyemfuta machozi.

"Usilie. Mjomba wangu Pak Long Deraman ana shamba la matunda ya durian kule Kuala Kangsar. Nitawapeleka kwa lori mimi mwenyewe. Tatizo ni kuwakamata tu. Wewe gonga kopo lako, waingie vizimbani."

Akagonga. Kumi na mmoja wakaingia, wakimtazama usoni. Tompok peke yake, jike la madoadoa lenye wasiwasi wa kuzaliwa, alisimama mlangoni pa kizimba, akanusa, akaruka juu ya paa. Tangu siku hiyo kila Ijumaa Rizal alituma picha. Za mwizi arobaini. Za Rizal zilikuwa Ijumaa sita.

Kazi ya Haiza ni kujaza maji kwenye glavu, kuitundika, na kusubiri dakika mbili aone kama kuna tone litakalochungulia. Miaka sita ya kazi hiyo imemfunza kutopayuka. Alikaa kwenye benchi la kantini, akamwandikia Rizal, ambaye alimwita Bang, yaani kaka:

*Bang, Komeng bado anauringia ule mkia wake mrefu?*

Majibu yalikuja kabla hajameza mate.

*Sana tu! Anautembeza shambani kama bwana shamba* 😂

Komeng hakuwa na mkia. Alizaliwa na kishina kilichopinda, kifupi kama kidole gumba.

Haiza akampigia Pak Long Deraman. Simu iliita mara moja tu.

"Bibi harusi! Mmeshakubaliana rangi ya nguo au bado mnagombana?"

"Tumekubaliana, Pak Long. Nilitaka kuwaulizia paka."

"Paka gani?"

"Wale kumi na mmoja aliowaleta Rizal."

Mzee akacheka mpaka akakohoa. "Kwangu? Mwanangu, mimi manyoya ya paka yakinipitia tu napiga chafya mpaka msikiti wa pili. Aliniuliza, kweli, nikamwambia shamba lote chukua, paka hapana. Kwani hakukwambia? Ah, labda kwa furaha ya cheo. Nasikia sasa ndiye msimamizi kamili! Hongereni sana."

"Ahsante, Pak Long," Haiza alisema, na sauti yake mwenyewe aliisikia kama ya mtu wa chumba cha pili.

Mak Su alikuwa amesimama nyuma yake, mwiko mkononi. "Kikulacho ki nguoni mwako," alisema. "Nenda kamuulize. Usimuulize kwa simu. Kwa simu mwanamume ni shujaa."

Rizal alipoitwa alimkuta Haiza nyuma ya boila, amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Alikuja na tabasamu lake lote na kadi mpya ya msimamizi shingoni.

"Mpenzi, jua lote hili? Utaiva kabla ya harusi."

"Paka wako wapi, Bang?"

"Si nimekutumia pi..."

"Yule ni paka wa nani?"

Rizal akatazama ukuta. "Wa shangazi," alisema mwishowe.

"Na hao wengine wa Ijumaa zote?"

"Wa jirani. Haiza, nisikilize..."

"Nakusikiliza. Paka wako wapi?"

"Pak Long alikataa. Ilikuwa Alhamisi, bosi ananipigia kila saa. Kuna watu wa kuangamiza wadudu na wanyama wasumbufu walikuwa na gari pale getini. Niliwakabidhi wao." Alimeza mate. "Walichomwa sindano ya kufa siku ileile. Hawakuumia."

"Umejuaje hawakuumia?"

"Nilisaini. Ilibidi mtu asaini."

Haiza aliitazama ile kadi shingoni mwake.

"Nilifanya kwa ajili yetu," Rizal aliendelea haraka. "Ningekataa, kile cheo kingekwenda kwa mwingine. Unataka tukaanze maisha chumba kimoja kwa mama? Na nilijua utaumia, ndiyo maana nikatuma zile picha. Ilikuwa huruma, Haiza. Wallahi ilikuwa huruma."

"Mwaka mzima umenibebea mifuko ya chakula chao."

"Nilikubebea, ndiyo! Kwa sababu ya nani? Kwa sababu yako."

"Na hukuwahi kumtazama hata mmoja sikio."

"Sikio?" Rizal alikunja uso, na kweli hakujua. Hapo ndipo Haiza alipoumia zaidi.

"Basi, yaishe. Nitakununulia paka mzuri wa manyoya marefu, wa dukani..."

"Ungewakamata mwenyewe, Bang, kwa wavu, kwa fimbo, ungenidanganya baadaye, labda ningelia, nikakusamehe. Lakini ulikuja kuniomba kijiko changu. Walikuja kwa sababu ni mimi. Komeng alikuwa anakoroma kwa raha ndani ya kizimba. Wewe ulikuwa umesimama hapo hapo, unajua, na ukanishika bega ukaniambia, 'Gonga tena, bado mmoja.'"

Haiza akainuka kwenye ndoo.

"Rudi kazini, msimamizi."

Nyumbani, mama yake Haiza alijipiga mapaja. "Kadi zimeshagawiwa! Ng'ombe ameshachaguliwa! Nitawaambia nini watu, mwanangu? Harusi imevunjwa na paka?"

"Waambie nilikuwa naolewa na mtu anayeweza kunitazama machoni wiki sita akinidanganya. Paka ndio walionionyesha."

Mama alilia. Kisha akasimama kwenda kutafuta masinia ya kurudishia zawadi za Rizal, kwa sababu hata kuvunja kuna adabu yake.

Siku ya uchumba Rizal alileta masinia matano: pete, kitambaa, viatu, manukato na dodol, halua nzito ya nazi. Dodol ilikuwa imeliwa zamani, mama akanunua nyingine wasije wakasemwa. Haiza akaongeza sinia la sita.

"Sita haiendi," mama alisema. "Ni lazima iwe witiri."

"Basi yatakuwa saba."

Mjomba wa Haiza aliyabeba pamoja na binamu zake, na Haiza akawafuata, jambo ambalo si desturi, na hakuna aliyethubutu kumkataza. Ukumbini kwa kina Rizal masinia yalipangwa juu ya zulia, yamefunikwa vitambaa vya dhahabu. Mama yake Rizal aliyafunua moja moja. Lilipofika la sita, alishtuka.

"Hiki nini? Kijiko na kopo bovu?"

"Mwanao anakijua," Haiza alisema kwa upole. "Kinaita chochote kinachoniamini. Kikae kwake, mimi sitakigonga tena."

La saba lilikuwa na picha moja, iliyosafishwa kwa ukubwa wa ukurasa: paka wa rangi ya chungwa, masikio mawili mazima.

"Si paka wa shangazi yako huyu?" mama aliuliza, akimgeukia mwanawe. "Amefuata nini humu?"

Rizal, mbele ya wajomba na shangazi zake wote, alitazama kadi iliyokuwa bado inaning'inia shingoni mwake. Haiza hakungoja kusikia atakavyowaeleza.

Jumatatu mchana alirudi nyuma ya boila na kichwa cha samaki alichopewa na Mak Su. Tompok alikuwa juu ya paa la mabati, madoadoa yake yamefifia, sikio lake la kushoto limekatwa ncha vizuri, kazi safi ya kliniki. Walitazamana.

"Nisamehe," Haiza alisema.

Tompok alirudi nyuma hatua moja. Wiki zote hizo hakuwa amekanyaga chini mbele ya binadamu.

Haiza alimsubiri mpaka king'ora cha kazi kilipolia. Ndipo akaweka samaki juu ya jani la mgomba, akaondoka taratibu bila kugonga kitu, akazunguka kona asionekane, ili paka ateremke ale.