Kila Mtu na Saini Yake

Kila asubuhi Mwanamkasi alimshika mkono binti yake Raisa na kumpeleka shule. Familia yao ilikaa Lozells, katika jiji la Birmingham, kwenye safu ndefu ya nyumba za matofali mekundu. Shule ilikuwa ng'ambo ya barabara kubwa. Kuvuka barabara hiyo ndiyo iliyokuwa kazi. Magari yaliegeshwa huku na huku. Mabasi yalipita kila baada ya dakika chache. Dereva hakumwona mtoto, wala mtoto hakuliona gari.

Mwezi wa Novemba, Bi Aida aligongwa hapo. Bi Aida alikuwa jirani yao, mjane wa miaka sabini na mbili, mzaliwa wa Unguja kama wao. Alivunjika nyonga. Alitoka hospitali akitembelea mkongojo wa miguu minne, na tangu siku hiyo hakuvuka tena. Duka na msikiti vyote vilikuwa upande wa pili.

"Nimekuwa kama kuku wa tenga, mwanangu," alimwambia Mwanamkasi. "Watu nawaona dirishani tu."

Maneno hayo yalimchoma Mwanamkasi. Alipofika nyumbani alimwambia mumewe, Maulid, "Baba Raisa, tunangoja mpaka afe mtu?"

"Tufanye nini? Sisi wageni hapa."

"Tuandike ombi. Watu watie saini, tupeleke kwa halmashauri ya jiji."

Maulid hakuwa mtu wa maneno mengi. Ijumaa alikwenda msikitini na karatasi. Akarudi na majina mia mbili na sitini. Mwanamkasi alifurahi sana, akayapeleka mwenyewe.

Baada ya wiki tatu ilikuja barua. Ilikuwa barua ya adabu, lakini ilisema kwamba majina mengi hayawezi kuhesabiwa. Mwanamkasi aliisoma mara mbili. Kisha akaichukua pamoja na nakala ya ombi, akagonga mlango wa jirani mwingine.

Jirani huyo aliitwa Kemunto, muuguzi kutoka Kenya. Zamani aliishi Northfield, mtaa mwingine wa jiji hilohilo, na huko yeye na wenzake waliwahi kuomba taa za njiani wakazipata. Kemunto alivaa miwani, akasoma. Maulid naye alikuja akasimama mlangoni.

"Mama Raisa," Kemunto alisema, "hapa juu mmeandika, 'Barabara yetu ni hatari, tusaidieni.' Sasa mnataka wafanye nini? Waweke bango? Waweke matuta?"

"Tunataka kivuko cha waenda kwa miguu."

"Basi semeni kivuko. Na mseme mahali gani." Akafunua ukurasa wa pili. "Wengi hawakuandika anwani. Na hii ni nini? Majina arobaini, mwandiko mmoja!"

Maulid aliangalia chini. "Watu walikuwa na haraka. Wengine waliniambia, 'Niandike tu.' Wengine nawajua. Najua wangekubali."

"Najua hukuwa na nia mbaya, Baba Raisa. Lakini saini ni kama kura. Huwezi kumpigia mwenzako, hata akiwa ndugu yako wa damu."

Mwanamkasi alikuwa akipitia yale majina arobaini. Akafika kwenye jina moja, akainua macho. "Na Bi Aida pia umemwandika wewe?"

"Ndiyo."

"Mtu aliyevunjwa mfupa, na hakuna aliyemuuliza!"

Maulid aliona haya.

Kemunto alichemsha chai ya maziwa, akawaeleza taratibu. "Ombi hili haliulizi pasipoti. Ukiwa unaishi hapa jijini, au unafanya kazi, au unasoma, unaweza kutia saini. Kila mtu aandike jina lake kamili, anwani yake na postikodi, kisha aweke saini kwa mkono wake mwenyewe. Mara moja tu."

"Na saini zikitosha, tumeshinda?" Maulid aliuliza.

"Bado. Kuna mahali, kama baadhi ya majimbo ya Marekani, saini zikifika idadi fulani, jambo linarudishwa kwa wananchi wote. Wanalipigia kura ya ndiyo au hapana, na likipita linakuwa sheria. Hapa sivyo. Hapa wanaoamua ni madiwani. Lakini saini zenu zinalileta jambo mezani. Ndiyo maana lazima ziwe za kweli."

Wakaanza upya. Safari hii Mwanamkasi alipita nyumba kwa nyumba, na Maulid akimshikia mwavuli. Walisomea watu ombi kabla ya kuwapa kalamu. Wengine walikataa, wakawaachia. Kazi ilikuwa ndefu. Siku nyingine walipata saini sita tu.

Jumamosi moja waliingia duka la Davinder, mwenye kuuza mboga na nafaka pale barabarani. Davinder alisoma ombi, akatikisa kichwa.

"Mnataka kivuko mbele ya mlango wangu? Wateja wangu wataegesha wapi? Mimi sitii saini."

Maulid alianza kukasirika. Mwanamkasi alimgusa mkono.

"Wewe unakaa hapa kutwa," alimwambia Davinder. "Watu wanavukia wapi hasa?"

Davinder alifikiri. Akatoka nje, akaonyesha kwa kidole. "Hapa kwangu magari yanakata kona ghafla. Hata ukiweka kivuko, dereva hatakuona mapema. Watu wenye akili wanavukia kule, mbele ya kituo cha basi. Pale barabara imenyooka."

Mwanamkasi alitazama, akaona ni kweli. Tena palikuwa karibu zaidi na lango la shule. Alirudi kwa Kemunto.

"Mahali pakibadilika, ombi nalo limebadilika," Kemunto alisema. "Waliotia saini waliliona lile la kwanza. Itabidi muwarudie."

"Wote?"

"Wote, Mama Raisa."

Mwanamkasi alitaka kulia. Lakini Jumatatu aliandika karatasi mpya na kuanza tena. Wa kwanza kutia saini alikuwa Davinder.

Wa pili alikuwa Bi Aida. Maulid aliinama mbele yake. "Nisamehe, Bi Aida. Ile ya mwanzo niliandika jina lako bila idhini."

"Nimekusamehe. Sasa nyamaza, nisikosee." Akaandika jina lake polepole, herufi moja moja, mpaka mwisho.

Walipata saini mia tatu na kumi na nane. Siku ya kikao cha madiwani Mwanamkasi alipewa dakika chache za kusema. Alitaja mahali wanapotaka kivuko, akaeleza kwa nini pale. Akaeleza ajali ya Bi Aida. Diwani mmoja aliuliza, "Wenye maduka wanasemaje?"

"Mwenye duka ndiye aliyetuonyesha mahali," alijibu. "Saini yake ni ya kwanza."

Mambo hayakwenda haraka. Kwanza walikuja wataalamu kuhesabu magari na watu. Kisha miezi ikapita kimya, na Mwanamkasi akawa anapiga simu kuulizia. Mwaka uliofuata, mwezi wa Mei, mafundi walichora mistari myeupe na kusimamisha taa mbili za manjano.

Asubuhi hiyo Bi Aida alijifunga mtandio wake mzuri. Alisimama ukingoni na mkongojo wake, Mwanamkasi akiwa kando. Basi lilipunguza mwendo, likasimama. Nyuma yake yakasimama magari manne. Bi Aida alivuka taratibu, wala hakuna aliyempigia honi.

Dukani aliinua mihogo mmoja baada ya mwingine, akiibonyeza.

"Huu umelala," alimwambia Davinder. "Na huu pia. Leta mingine, nichague mwenyewe."