Kipindi cha Pili ni Chako

— Yule Yazeed ana mguu wa mbao! Nasema mbele yenu nyote, na mkitaka niitieni mwenyewe nirudie. Mpira unamfikia mguuni, unakufa!

Lujain alikuwa jikoni akikunja sambusa za futari. Sauti ile ilitoka barazani kwa wanaume, na ilikuwa ya baba yake mzazi, Mzee Thabit, msimamizi wa timu ya Nujum ya mtaa wao hapa Ibra. Na huyo Yazeed aliyetukanwa mguu alikuwa mume wa Lujain. Ndoa ilikwisha fungwa msikitini tangu mwezi wa Rajabu, ila bibi harusi alikuwa bado kwao, akingojea siku ya kupelekwa kwa mumewe.

— Thabit, acha ubishi, alijibu jirani yao, Khalaf. Nani aliyetufikisha fainali ya Ramadhani? Si huyohuyo mkweo?

— Bahati! Mtazameni yule kijana Azzan. Ana kasi, ana macho. Nipeni Azzan mbele, kombe linalala Ibra.

— Azzan mtoto bado. Akiiona ile hadhara ya uwanja wa Sur atasahau hata goli liko upande gani.

Bi Ghanima, mama yake Lujain, aligeuza sambusa ndani ya mafuta, akatabasamu.

— Futa machozi, usimsikilize baba yako. Alipomwoza Yazeed binti yake, hakuuliza anafunga mabao mangapi.

— Mama, mie silii kwa ajili ya mguu. Nalia kwa ajili ya tarehe.

Tarehe ndiyo iliyomnyima Lujain usingizi. Mzee Thabit mwenyewe ndiye aliyepanga harusi iwe Sikukuu tatu, siku ya tatu ya Idi. Alipoulizwa kama haitagongana na fainali, alicheka mbele ya watu. "Fainali?" alisema. "Na washambuliaji hawa? Tukivuka hatua ya makundi mie nitanyoa ndevu." Timu ikavuka. Ikavuka tena. Ndevu zilibaki, lakini fainali ilitangazwa kuwa Jumamosi, baada ya Alasiri, mjini Sur, na wageni wa harusi walikwisha alikwa wampokee bwana harusi Ibra, baina ya Magharibi na Isha. Mtu hawezi kumaliza mchezo Sur, akapita njia yote ile ya Bidiya, akawahi.

Sasa kila kitu kilitegemea mwezi. Ukiandama Jumatano, Sikukuu tatu ni Jumamosi, siku ya fainali. Usipoandama, harusi inakuwa Jumapili na kila mtu anapona.

Jumatano jioni, watu walipopanda juu ya nyumba kutazama upande wa magharibi, Lujain alibaki ua wa nyuma, simu sikioni.

— Yazeed, naona haya kukwambia. Watu wote wanaomba mwezi uonekane, na mie naomba usionekane.

— Hata mie, habibti. Mama yangu kanikuta nayatazama mawingu nacheka. Kaniuliza, "Weye una nini?"

— Na ukionekana?

Yazeed akaanza habari ya kanzu yake iliyoko kwa fundi.

— Yazeed, nakuuliza. Ukionekana, utakuwa wapi Jumamosi?

— Tungoje kwanza.

Jibu lile lilimkaa kifuani kama tonge kavu. Lakini baada ya Isha redio ilitangaza kwamba mwezi haukuonekana, na kesho watu watafunga kutimiza thalathini. Lujain alisujudu. Alikuwa hajainuka vizuri, mlango ukagongwa, na sauti ya Khalaf ikajaa nyumba nzima.

— Thabit! Wamesogeza fainali!

— Wamesogeza wapi?

— Jumapili! Mgeni rasmi alialikwa Sikukuu tatu, hakualikwa Jumamosi. Mwezi umekwenda na Sikukuu, Sikukuu imekwenda na fainali!

Lujain alikaa chini pale pale juu ya msala wake wa kusalia. Akamwandikia Yazeed ujumbe:

"Umesikia?"

"Nimesikia."

"Basi nijibu leo. Ukienda Sur siku ya harusi yangu, usije Ibra tena."

Alikunja msala, akaukunjua tena. Kisha:

"Nimekufahamu. Siendi."

Alidhani moyo utatulia. Haukutulia. Usiku kucha alijiuliza kwa nini neno "siendi," alilolitaka kwa hamu, lilimwuma vile.

Sikukuu mosi, baada ya watu kusalimiana na kula, baraza ilijaa tena. Lujain alipeleka halwa mpaka mlangoni, akasimama nyuma ya pazia.

— Goti! Khalaf alikuwa akisema. Leo anatuambia goti linamwuma. Jana alikuwa mzima.

— Hilo goti la woga, alisema mwengine. Kasikia beki wa Sur ana kifua kama mlango.

— Mwanamume huyo? Kombe lenyewe hatulijui tangu tuzaliwe, na yeye anakuja na goti!

Watu wakacheka. Lujain alimngojea baba yake aseme lile neno la mbao. Mzee Thabit hakucheka. Alitoka barazani, akamkuta binti yake na sinia mkononi.

— Mwanangu, alisema kwa sauti ya chini. Mie nimemsema sana Yazeed, kweli. Lakini nimsemapo mie, anafunga. Azzan tangu asubuhi hali chakula kwa hofu. Weye unajua habari yoyote ya goti hili?

Lujain alijua. Asubuhi ile ile, Yazeed alipokuja kutoa mkono wa Idi, alimbebea Bi Ghanima gunia la mchele begani kutoka garini hadi ghalani, akapanda ngazi mbilimbili.

— Sijui, baba, alisema. Na uso ukamwaka moto.

Alikimbilia chumbani, akapiga simu.

— Goti lako vipi?

— Linauma mbele ya watu tu.

— Kwa nini hukusema ukweli? Kwa nini hukusema ni mie niliyekukataza?

— Ili iwe nini?

— Wanakwita mwoga, Yazeed! Nimewasikia kwa masikio yangu!

— Waache wanite. Mie mwakani nitafunga bao, watasahau. Lakini weye ungekuwa bibi harusi aliyewanyima kombe. Kila utakapokwenda harusini, kila utakapokwenda hanga kwenye msiba, wanawake wa mtaa wangekutazama kwa jicho hilo. Lisingesahauliwa.

Lujain alijifuta macho. Kwa siku zote zile aliogopa kwamba mumewe anapenda mpira kuliko yeye. Kumbe mtu yule alikuwa amelichukua jina lake mwenyewe akalifanya pazia la kumsitiri mkewe.

— Lujain? Unalia?

— Nenda Sur.

— Hapana. Nimekupa neno langu.

— Nami nakurudishia. Nenda ukacheze. Nitawaambia mama na baba kwamba mie ndiye niliyekuzuia.

— Na wageni? Na weye, ukae pale umepambwa, watu wakiulizana bwana harusi yuko wapi?

Hofu hiyo ilikuwa ya kweli kwa wote wawili. Hatimaye Yazeed alisema polepole, kama mtu anayepima kila neno:

— Nitacheza kipindi cha kwanza. Refa akipuliza mapumziko, tuko mbele tuko nyuma, naingia garini. Kipindi cha pili ni chako.

Jioni ile Lujain aliwaambia wazazi wake. Bi Ghanima alimkumbatia. Mzee Thabit alijikuna ndevu, akasema:

— Kipindi kimoja si haba. Mie mwenyewe siwezi kwenda, nina wageni. Khalaf atakwenda na simu.

Jumapili ilifika. Kutoka chumbani alimokuwa akipambwa, Lujain alisikia sauti ya baba yake nje ya dirisha, simu sikioni tangu Alasiri.

— Nani kafunga? Yazeed? Allahu akbar! Nilisema mimi! Ule mguu wake ni dhahabu!

Bi Ghanima na shangazi za Lujain wakaangua vicheko. Baadaye sauti ikashuka.

— Wamesawazisha? Na mapumziko yamefika? Yazeed keshaondoka? Haya, mwingizeni Azzan.

Basi yuko njiani, Lujain aliwaza. Akapiga simu yake. Haipatikani. Akapiga tena. Jua likaanza kushuka, na simu ilikuwa bado haipatikani.

— Mama, ile njia ya Bidiya ina ngamia. Ina mchanga barabarani. Atakuwa anakwenda mbio.

— Pale kati simu haishiki. Tulia, usiharibu wanja.

— Na kama hakuondoka? Kama walimzuia?

— Weye unaamini hakuondoka?

Lujain alifikiri.

— Kaondoka, alisema. Ndiyo maana naogopa.

Nje, baba yake alikuwa akiwapa wageni halwa kwa mkono mmoja, na kwa mwengine akiamrisha timu iliyoko Sur.

— Mwambie Azzan ahamie kushoto! Kushoto, Khalaf! Nisikilize mie!

Magharibi ikaadhiniwa, wanaume wakasali. Kisha, kabla ya adhana ya Isha, honi zikalia mwanzo wa mtaa. Wanawake wakapiga vigelegele hata dirisha likatetemeka. Lujain alishika kifua kwa mikono yake yenye hina, akavuta pumzi ambayo, ilimwelea, hakuivuta tangu Jumatano.

Yazeed aliingia ukumbi wa wanawake baada ya Isha, kanzu nyeupe, hanjari kiunoni, na chini ya kilemba nywele bado mbichi kwa maji ya kuoga haraka. Alipanda jukwaani, akakaa kando ya mkewe. Simu ya Lujain ikatetemeka mapajani mwake. Ilikuwa ni dada yake, kutoka mlangoni: "Khalaf kapiga. Tumefungwa mbili moja. Usimwambie mpaka kesho."

— Nini? alinong'ona Yazeed. Kuna habari?

Lujain aliitazama ile "usimwambie." Akakumbuka lile goti la uongo.

— Tumefungwa, alisema. Mbili moja.

Yazeed aliinamisha kichwa. Lujain aliuona mkono wake ukikaza juu ya goti lile zima, akaufunika kwa wa kwake mbele ya watu wote. Mkono wa Yazeed ukafunguka.

— Azzan alicheza wapi? aliuliza.

— Kushoto.

— Kushoto! Yule mtoto hana mguu wa kushoto! Nani kampeleka kushoto?

Wakati huo huo Mzee Thabit alikuwa akipanda jukwaani kumkabidhi binti yake, uso umemshuka, simu imezimwa mfukoni.

— Muulize ami wako, mkweo huyo, alisema Lujain, akiuma mdomo asicheke.

— Ami, nani kampeleka Azzan kushoto?

Mzee Thabit alikohoa. Alimtazama binti yake, akamtazama mkwewe, akaichukua mikono yao miwili na kuiweka pamoja.

— Wanangu, alisema. Leo siku ya furaha. Mambo ya mpira tuyaache.

Na hiyo ikawa mara ya kwanza, tangu Lujain apate akili, kulisikia neno hilo likitoka kinywani mwa baba yake.