Kontere Iliyohesabu Mara Mbili

Kila siku mchana Edouard alirudi kutoka shuleni, akavua viatu mlangoni, akala ugali na samaki wadogo wa ndagala aliowekewa na mama yake, kisha akaosha sahani na kuifunika. Alikuwa na miaka kumi na tatu, akisoma darasa la sita. Katika daftari la shule aliandikwa Mwamba tu, kwa sababu miaka ile ya Zaire majina ya ubatizo hayakuandikwa shuleni. Nyumbani na parokiani wote walimwita Edouard.

Wiki hiyo aliongezewa kazi moja: kuandaa baiskeli ya dada yake, Pélagie.

Pélagie alikuwa na miaka kumi na saba na alisoma Kabalo. Alikuwa anakuja kwa treni kushiriki mashindano ya michezo mitatu yaliyoandaliwa na vijana wa parokia. Mshindani aliogelea ziwani kwanza, akatoka na kupanda baiskeli kwa kilomita ishirini na nne katika barabara ya Nyunzu, kisha akakimbia kilomita tano, bila kupumzika katikati. Wasichana wawili wa kwanza wangepelekwa Lubumbashi.

Mwaka uliotangulia msichana mmoja alimaliza maji yake njiani. Jua lilikuwa kali, naye akashuka kwenye kijito akanywa. Alifika akiwa anayumbayumba, na usiku huo akalazwa kwa kuharisha. Mama Agathe, mama yake Edouard, alikuwa muuguzi, naye ndiye aliyemwekea serumu, maji ya dripu. Kwa hiyo alisema mapema, "Pélagie hatakwenda kama maji yake hayakupangwa."

Baiskeli ilikuwa nyembamba, yenye usukani ulioinama kama pembe za mbuzi. Mwalimu mmoja mgeni aliiacha aliporudi kwao. Edouard alichukua waya akasuka kikapu kidogo, akakifunga katikati ya usukani kwa vipande vya mpira wa ndani wa gurudumu. Ndani yake aliweka chupa ya lita moja. Mama Agathe alimpa mrija mpya wa serumu, na Edouard akaupitisha kwenye kizibo ili Pélagie anywe bila kuachia usukani. Kisha akabandika vipande vinane vya sparadra, plasta ya zahanati, ubavuni mwa chupa, kimoja chini ya kingine.

"Kila kilomita tatu, alama moja," alisema Mama Agathe. "Asinywe zaidi, asinywe pungufu. Maji yatamfikisha mwisho."

Lakini Pélagie hakuijua barabara ya Nyunzu. Angejuaje kilomita tatu zimekwisha? Hapo ndipo kontere ilipohitajika. Ilikuwa kisanduku kidogo cha chuma cha kuhesabu kilomita, kinachofungwa karibu na kitovu cha gurudumu la mbele. Kila gurudumu lilipozunguka mara moja, kipini kilichofungwa kwenye njiti kiligonga jino la kontere, na namba zikasogea. Kontere ilikuwepo, ila kipini chake kilipotea zamani. Edouard alikata msumari, akaukunja, akaukaza kwa waya. Ulikaa vizuri. Akautazama, akawaza, "Huu ukidondoka njiani, itakuwaje?" Akatengeneza wa pili, akaufunga kwenye njiti ya upande wa pili wa gurudumu, mkabala na ule wa kwanza. Aliona amefanya jambo la busara.

Jioni baba yake, Papa Apollinaire, alirudi kutoka kazini. Alikuwa mfanyakazi wa reli, na kila siku alitembea kando ya njia ya treni akikagua boliti. Alilizungusha gurudumu kwa mkono, akaona namba zinasogea, akatikisa kichwa kwa furaha.

"Kazi nzuri. Sasa ipime. Kesho, Jumatano, uisukume kando ya reli kutoka nguzo ya kilomita moja hadi nyingine. Nguzo tano mbele. Kontere ikisema tano, tumemaliza."

"Ndiyo, Papa."

Siku ya Jumatano jua lilichoma. Edouard aliisukuma baiskeli mpaka nyuma ya maghala ya stesheni, akakuta wenzake wanacheza mpira. Rafiki yake André alikuwa golini.

"Enjenyeri!" André alipiga kelele, akiinyooshea baiskeli kidole. "Hiyo kinga imelazwa hospitali? Mbona ina serumu?"

Wote walicheka, na Edouard pia akacheka. Akailaza baiskeli kwenye majani ili acheze kidogo tu. Walipoacha kucheza, jua lilikuwa linatua.

"Umepima?" baba yake aliuliza mlangoni.

"Nimepima, Papa. Iko sawa."

"Nguzo tano zote?"

"Zote tano."

Jumamosi asubuhi watu walikwenda kwanza kwenye salongo, kazi ya lazima ya kusafisha mji, kwa hiyo mashindano hayangeanza kabla ya saa nne. Pélagie, aliyefika kwa treni siku iliyotangulia, alitangulia ufukweni na mama yake. Edouard alipewa kazi ya kuleta baiskeli. Akaisukuma kwenye njia ya kando ya reli, na kwa kuwa alikuwa peke yake, akairudisha kontere kwenye sifuri alipopita nguzo moja ya kilomita. Alitaka tu kuona namba zikigeuka.

Alipofika kwenye nguzo iliyofuata, kontere ilisema mbili.

Alisimama. Akarudi nyuma mpaka nguzo ya kwanza, akaanza upya. Mbili tena. Akachuchumaa, akalizungusha gurudumu polepole. Kipini cha kwanza kikagonga jino. Nusu mzunguko baadaye, cha pili nacho kikagonga. Ndipo akaelewa. Kila kilomita ilihesabiwa mara mbili. Pélagie angekunywa alama moja kila kilomita moja na nusu, na angefika mahali pa kugeukia, katikati ya safari, chupa ikiwa tupu.

Alijaribu kukivuta kipini kwa vidole. Waya ulikuwa umekazwa kwa koleo, na koleo lilikuwa nyumbani. Akajiambia kwamba huko ufukweni hatakosa mtu mwenye koleo.

Ufukweni watu walikuwa wengi. Baiskeli zilipangwa mstari mmoja ndani ya uzio wa kamba. Papa Apollinaire alikuwa amesimama na Papa Siméon, mkuu wa mashindano, aliyevaa kofia ya majani na filimbi shingoni.

"Ah, huyu hapa!" alisema Papa Apollinaire. "Siméon, huyu ndiye fundi. Kila kitu unachokiona amefunga yeye. Na kontere ameipima kilomita tano nzima kando ya reli, kwa miguu, juani!"

"Kilomita tano!" Papa Siméon alimtazama Edouard. "Watoto wa siku hizi hawafanyi hivyo."

Edouard aliangaza macho akitafuta mtu mwenye koleo. Papa Siméon alijaribu freni, akagusa chupa, akaandika kwenye karatasi, akaiingiza baiskeli ndani ya kamba.

"Kuanzia sasa hakuna mtu anayegusa baiskeli isipokuwa mwenyewe," alitangaza. "Fundi akigusa, mshindani anatolewa."

Filimbi ikalia. Wasichana kumi na wawili wakaingia majini, wakielekea kwenye mtumbwi uliotiwa nanga mbali kidogo. Watu walipiga kelele na makofi. Edouard hakupiga. Alisimama kwenye kamba akikitazama kipini cha pili, akafumba macho, akasali kimoyomoyo kwa bidii kuliko alivyowahi kusali kanisani. "Ee Bwana, kiangushe. Kimoja tu. Wewe unaweza." Kipini hakikutikisika.

Mama Agathe alikuwa karibu naye, akieleza mama mwingine jinsi alivyochemsha maji, akayatia sukari, chumvi kidogo na ndimu. "Mwaka huu sina wasiwasi," alisema. "Tumepanga vizuri. Kontere itamwambia lini anywe."

Mtumbwini wasichana watatu walikuwa wamekwisha kugeuka. Wa tatu alikuwa Pélagie.

Edouard alikwenda kwa Papa Siméon.

"Papa Siméon, naomba kugusa baiskeli ya Yaya Pélagie. Kidogo tu. Naomba na koleo."

"Hukusikia nilivyotangaza?"

"Nilisikia. Lakini kontere ni mbaya. Inahesabu mara mbili."

"Si uliipima?"

Papa Apollinaire aligeuka. André na wenzake walikuwa nyuma ya kamba, wakisikiliza. Edouard aliangalia mchanga.

"Sikuipima. Nilicheza mpira. Nilimdanganya Papa."

Sauti moja ikatoka kwa wale vijana, "Enjenyeri wa uongo!" na kicheko kikafuata. Papa Apollinaire hakucheka wala hakugomba. Alivua kofia yake, akaivaa tena.

"Sheria ni sheria," alisema Papa Siméon polepole. "Hutagusa. Lakini mdomo wako sijaufunga kwa kamba. Dada yako anatoka majini. Mwambie."

Edouard alikimbia. Pélagie alikuwa anapanda mchanga, maji yakimtiririka, akipumua kwa nguvu. Alivaa shati na viatu, akaiinua baiskeli.

"Yaya! Usiamini kontere!"

"Nini?"

"Inahesabu mara mbili! Ikisema sita, umekwenda tatu! Nilifunga vipini viwili. Sikuipima, nilidanganya!"

Pélagie alimtazama kwa nukta mbili, labda tatu.

"Kwa hiyo nagawa kwa mbili."

"Ndiyo. Kila sita, alama moja."

"Sita, kumi na mbili, kumi na nane..." alisema, akiwa amekwisha kukanyaga pedali. "Utaniona nyumbani, wewe!"

Vumbi lilimfunika. Papa Apollinaire alisimama karibu na mwanawe, na saa nzima wakakaa hapo wakiitazama barabara. Kwa Edouard saa ile ilikuwa ndefu kuliko adhabu yoyote aliyopata shuleni.

Msichana wa kwanza alirudi, kisha wa pili. Baadaye kidogo akaonekana Pélagie, amenyooka juu ya baiskeli, akivuta mrija. Alipoitupa baiskeli ndani ya kamba ili aanze kukimbia, Edouard aliona maji ya mwisho, kiasi cha kifuniko tu, yakichezacheza chini ya chupa. Mama Agathe aliyaona pia, akafanya ishara ya msalaba.

Pélagie alimaliza wa tatu. Msichana wa pili alimtangulia kwa hatua kama ishirini. Hakuna aliyeweza kusema kama hatua zile zilipotea pale mchangani alipokuwa akimsikiliza mdogo wake, au zilipotea kwingine. Msichana mmoja wa nyuma alishuka kwenye kijito kunywa, na Mama Agathe akampeleka zahanati mara moja. Pélagie alifika kwa miguu yake, akakaa kwenye kivuli cha ukuta, akaomba ndizi.

Usiku ule familia ilikula, kisha ikasali. Baada ya sala hakuna aliyeinuka.

"Nilikuona kwenye kamba, macho umefumba," alisema Mama Agathe. "Ulikuwa unaomba nini?"

"Niliomba kipini kidondoke, Mama."

"Na Mungu hakukusikia?"

"Hakunisikia, Mama."

"Alikusikia. Alikuwa anangoja useme wewe."

Pélagie alinyoosha miguu yake iliyouma. "Basi usingenichelewesha pale mchangani, labda ningekwenda Lubumbashi," alisema. Edouard aliinamisha kichwa. Pélagie akampiga kibao chepesi kisogoni. "Lakini bila maneno yako ningeanguka barabarani, nisingefika hata hapa. Nilipofika kwenye mgeuko, kontere ilisema ishirini na nne. Kama ungenyamaza, chupa ingekuwa tupu. Nusu ya njia, jua kichwani, na kile kijito pale chini kikiniita."

Papa Apollinaire alikohoa. Alikuwa mtu wa maneno machache, na watoto wakamgeukia.

"Edouard, vipini viwili ni kosa la fundi. Mimi mwenyewe, mwaka wangu wa kwanza relini, nilikaza boliti vibaya, na mkubwa wangu akazikaza upya. Kosa la fundi linafunguliwa kwa koleo. Lakini uliposema 'nimepima' na hukupima, ulifunga kitu ambacho hakuna koleo linaloweza kukifungua. Kinafunguliwa na mdomo ule ule uliokifunga. Watu wanapanda treni kila siku kwa sababu mtu fulani alisema, 'Nimekagua.' Hawamwoni. Wanamwamini. Ukisema umefanya kazi ambayo hukuifanya, unaweka mwili wa mtu mwingine juu ya uongo wako, na mtu huyo hajui."

"Nisamehe, Papa. Nisamehe, Yaya."

"Nimekusamehe," alisema baba yake. "Ulichelewa, lakini ulisema kabla hajaondoka, tena mbele ya watu. Wengi husema baada ya mtu kuanguka."

"Kuna mashindano mengine Kabalo, baada ya miezi miwili," alisema Pélagie. "Nitaipakia kinga kwenye treni. Nani atanitengenezea?"

"Edouard," alisema baba yake.

"Apollinaire!" Mama Agathe alishtuka. "Tena yeye?"

"Tena yeye. Fundi asiyekosea bado sijamwona. Ninayemtafuta ni yule atakayeniambia ameharibu, kabla sijaona mwenyewe. Kitu kidogo mtu akikisema mapema, hakipati nafasi ya kuwa kikubwa. Lishikeni hilo, nyote wawili."

Edouard alikunja na kukunjua vidole.

"Papa," alisema, "kuna jambo jingine. Boliti ya kiti imekwisha meno. Haikazi. Niliifunga kwa mpira."

Pélagie alikaa wima.

"Njo maana! Kila kilima nilikuwa nashuka chini kama ndoo kisimani! Nilidhani ni miguu yangu inayochoka!"

Mama Agathe alijaribu kuzuia kicheko akashindwa. Papa Apollinaire hakucheka, ila uso wake ulilegea. Aliinuka, akaisogeza taa karibu na mlango, mahali baiskeli ilipoegemea, akanyoosha mkono kwa mwanawe.

"Vizuri. Leta koleo."