Silabi Iliyopotea kwenye Cheti cha Sulle

Tangazo kwa wananchi wote wa Gitting, vijiji jirani, na kuku wao. Hadithi hii ni ya kweli tupu. Kila neno limepimwa, limehakikiwa na kupigwa muhuri. Msomaji asiwe na shaka yoyote juu ya mwandishi.

Muhuri wenyewe ulichongwa kwenye kiazi, lakini tuendelee.

Mwezi wa saba mwaka 1978, Bernadina alikuwa na mambo matatu ya kujivunia. La kwanza, mwanawe Sulle alikuwa askari, na kikosi chake kilikuwa kimeletwa kwenye mashamba ya ngano ya serikali kusaidia mavuno. La pili, binti yake Fabiola alikuwa amekuja kujifungulia nyumbani, na mtoto Joakimu sasa alikuwa na wiki tano. La tatu, yeye mwenyewe alikuwa amejua kusoma. Alianza kisomo cha watu wazima akiwa na miaka arobaini na mitatu, na watu walimcheka. Sasa watu hao hao walimletea barua zao awasomee.

Jumanne mchana, lori la ngano lilimshusha Sulle barabarani. Mdogo wake Bura alikwenda kumpokea. Bura alisoma kidato cha tatu katika shule ya bweni, na alikuwa likizo. Alikuwa kijana mpole, mwenye adabu, msaada mkubwa kwa wazazi. Alimbebea kaka yake begi, na cheti chake pia.

"Shikamoo mama," Sulle alisema. Sauti yake ilikwaruza.

"Marahaba, mwanangu. Mbona umerudi na mavuno hayajaisha?"

"Nimepewa ED."

"Ndiyo nini hiyo?"

"Ruhusa ya mgonjwa. Ni mafua tu. Tunalala arobaini kwenye bohari moja, na nusu wameugua. Mganga wa kikosi akasema kwetu ni karibu, nikalale nyumbani. Amewaandikia cheti."

Bura alimkabidhi mama cheti kwa mikono miwili, kama mtu anayetoa sadaka. Kiliandikwa kwa penseli, kwa herufi kubwa. Bernadina alikisogeza kwenye mwanga wa mlango. Majirani waliokuja kumwona askari wakasogea kusikiliza.

"A-te-mbe-e," alisoma, kidole kikifuata herufi. Kisha akasoma tena bila kidole. "Atembee siku saba."

Sulle alifungua mdomo. Alikumbuka alivyoambiwa na mganga. Lakini alimwona mama yake amesimama mbele ya majirani, uso unang'aa. Amekosea silabi moja, aliwaza. Nani atamwaibisha mama yake kwa silabi moja? Tena, kusema kweli, alitamani kuonekana na sare yake. Akafunga mdomo.

"Serikali imesema utembee," alisema Bernadina. "Basi utatembea."

Na kutembea si kazi ya miguu tu. Kutembea ni kwenda kusalimia watu, nyumba kwa nyumba, na kila nyumba ina kibuyu chake cha pombe. Sulle alitembea Jumatano. Alitembea Alhamisi. Alikohoa njia nzima.

"Askari gani anakohoa kama trekta la ushirika?" alimtania Mzee Gidamis.

"Ni vumbi la ngano, mzee."

"Basi kunywa, lishuke."

Kibuyu kilizunguka. Kila mmoja alikunywa pale pale alipokunywa mwenzake. Jioni, nyumbani, Sulle alimpakata Joakimu akamvika kofia yake ya jeshi. Kofia ikamfunika mtoto mpaka kidevuni. Sulle akacheka, kisha akapiga chafya usoni pa mtoto. Wote wakacheka.

Jumamosi hakuna aliyecheka. Fabiola alikuwa na homa. Bura alilala amejikunja, mifupa inamuuma, bila neno la kumchekesha mtu. Vijana wanne wa jirani walikuwa vitandani.

Jumapili asubuhi, Joakimu alikataa ziwa. Bernadina alifunua nguo ya mtoto. Kila alipovuta pumzi, chini ya mbavu palibonyea, kana kwamba kuna mkono unavuta ngozi kwa ndani. Bernadina alikuwa ameshika kikombe cha uji. Kiliinama mkononi mwake, uji ukamwagikia miguuni, naye hakuhisi.

Kwenye zahanati, Fabiola akisubiri kwenye benchi nje, Nesi Perpetua hakuuliza mengi. Alikuwa mwenyeji wa Bukoba, mwaka wa tatu sasa akifanya kazi Gitting. Aliangalia kifua cha mtoto, akaangalia saa, midomo ikihesabu.

"Sabini na mbili kwa dakika," alisema.

"Ni nyingi?"

"Kwa mtoto mdogo hivi, sitini tu ni hatari. Na kifua kinabonyea, na hanyonyi. Huyu anakwenda hospitali sasa hivi. Natuma mtu aite gari. Nani mwingine mgonjwa nyumbani?"

Bernadina alimweleza, akampa cheti. Nesi alikisoma, akakisoma tena. Akakiinua kwenye dirisha.

"Mama Sulle, kati ya A na T pana nafasi. Hapa paliandikwa ASITEMBEE."

Bernadina alikaa chini sakafuni.

"Mimi nilisoma atembee."

"Ndivyo ilivyobaki. Labda jasho na vumbi la safari vilifuta."

"Nimemtembeza kijiji kizima," Bernadina alisema. "Kwa mdomo wangu. Kwa kusoma kwangu." Kisha akauliza: "Lakini nesi, mafua si ya kila mwaka?"

"Haya ni mapya. Yanaletwa na kirusi, kijidudu kidogo ambacho hata darubini yangu haikioni. Hubadilika sura, na mwili wa kijana haukitambui. Kinatoka na chafya, kinatoka na kikohozi, kinabaki kwenye mikono na vikombe. Fikiria askari arobaini, blanketi kwa blanketi, madirisha yamefungwa. Mmoja akikohoa Jumatatu, Ijumaa bohari zima limelala."

"Mbona Mzee Gidamis hajaugua?"

"Pengine aliwahi kuugua mafua ya ukoo huu ujanani. Lakini asijivune. Mzee akiugua, huumia zaidi."

"Sulle nimtafutie sindano ya penisilini?"

"Haiui kirusi. Mapafu yakiingiliwa na vijidudu vingine, daktari ndiye atasema. Sulle alale. Anywe maji na uji kwa wingi. Awe na kikombe chake, sahani yake, chumba chake, dirisha wazi. Akikohoa azibe mdomo kwa kitambaa. Anayemhudumia anawe mikono kwa sabuni. Akishindwa kupumua vizuri, mleteni."

"Na Fabiola aache kunyonyesha?"

"Asiache. Mtoto akiweza kunyonya, anyonye. Fabiola ajifunge kitambaa puani na mdomoni, na anawe kwanza."

Bernadina aliinua kichwa. "Unachosema ni metimani."

"Ndiyo nini?"

"Kwetu Wairaqw, nyumba ikifiwa, watu wake hujitenga. Wana kikombe chao, wana moto wao. Hawashikani mikono na mtu mpaka siku ziishe."

Nesi aliitikia kwa kichwa. "Basi ni hiyo hiyo, mama. Ila nyinyi kaeni kabla ya msiba."

Gari liliwachukua Joakimu na Fabiola. Bernadina alirudi kwa miguu. Alipita nyumba zile zile alizomtembeza Sulle. Safari hii hakuingia ndani. Alisimama mbali na mlango, kanga imefunika pua na mdomo.

"Tuko metimani," aliita kwa Mzee Gidamis. "Na nyinyi msitembeleane siku saba. Kibuyu kipumzike, kila mtu na kikombe chake."

Mzee alitoka kwa wasiwasi. "Nani amefariki?"

"Hakuna. Ndiyo maana."

Watu walielewa. Hakuna aliyehitaji kufundishwa metimani. Madirisha yalifunguliwa, watu walinawa mikono, wagonjwa walilala peke yao. Baada ya siku kumi hakukuwa na mgonjwa mpya. Sulle alirudi kikosini. Akakuta mganga amewagawa askari kwenye mahema, kitanda mbali na kitanda. Joakimu alipewa oksijeni na dawa, akakaa hospitali siku tisa, akarudi akinyonya kama ndama.

Lakini Bernadina hakurudi kwenye kisomo. Daftari lake alilichomeka juu ya boriti. "Kusoma kwangu nusura kuue mjukuu," alisema.

Ndipo Nesi Perpetua alipomwomba Bura aandike habari hii, isomwe na wanakisomo. Bura aliandika vizuri sana. Akaweka tangazo, akapiga muhuri wa kiazi. Akaacha karatasi mezani na kwenda kuchota maji. Aliporudi, alimkuta mama ameketi mlangoni, kidole kiko juu ya mstari mmoja.

"Bura."

"Naam, mama."

"'Labda jasho na vumbi la safari vilifuta.' Kweli nesi aliniambia hivyo, nami nikaamini."

"Ndivyo ulivyonisimulia, mama."

"Jasho linafuta ukurasa, mwanangu. Halichagui silabi." Kidole hakikuondoka. "A ilibaki. T ilibaki. Katikati palikuwa peupe kama sahani iliyooshwa. Lete mfuko wako wa kalamu."

Kifutio kilikuwemo. Kona moja ilikuwa imelika.

Basi, wasomaji, naungama. Bura ni mimi. Si mpole, wala sina adabu. Nilikaa chini ya mti kando ya barabara wakati kaka yangu anakunywa maji, nikafuta herufi mbili. Nilitaka kuona askari akitembezwa kama fahali wa maonyesho. Niliona pia kifua cha Joakimu kikibonyea, nikanyamaza. Nikamwacha mama yangu aamini kwamba hajui kusoma.

Mama hakunipiga. Alishusha daftari lake kutoka juu ya boriti, akalipangusa vumbi.

"Andika na hilo," alisema.

Nimeandika. Mama yangu alisoma sawasawa kila herufi iliyokuwepo. Nimeliandika kwa wino.