Jina Lililoshinda

Mtoto aligeuza shingo.

Hakuwa hata na wiki moja duniani, shingo yenyewe bado laini, inashikwa kwa kiganja. Lakini Ingrid aliposoma lile jina kwenye simu, mtoto wa dada yake alitoa uso kifuani mwa mama, akageukia palepale sauti ilipotoka, akatulia kama mtu anayesubiri kuambiwa alichoitiwa.

"Yewe! Umeona?" Ingrid akacheka. "Amelipenda!"

Christella, mama wa mtoto, hakucheka. Mtoto hakuwa na jina. Kwao mtoto hupewa jina siku ya nane, watu wakikaa pamoja, kila mgeni akitoa lake, halafu baba anachagua. Na hili halikuwa jina la Kinyarwanda, wala la kanisani, wala la msikitini. Hapa halitaandikwa, maana anayelisoma hata kimoyomoyo ni kama ameita.

Yote ni kwa sababu ya kitabu. Christella alikuwa amejichapishia riwaya, maboksi yamejaa nyumbani Nyakabanda mpaka mlango wa chumba unafunguka nusu, na mimba ikakua, mtoto akazaliwa, bila mnunuzi. Walilipia tangazo Facebook: vidole gumba vikamiminika, wasomaji hakuna, wengi hata Kiswahili hawakijui. Wakamtafuta kijana maarufu wa TikTok, naye akacheza mbele ya kamera kitabu amekishika kichwa chini. Kwenye magrupu ya WhatsApp kila mtu anauza, sasa nani anunue? Ingrid, ambaye kazi yake ni kutangazia watu maduka kwa simu, alilinganisha yote hayo, akasema hakuna tangazo linalomshinda mtoto mchanga.

"Tunaweka picha yake. 'Mpe mtoto wa mwandishi jina, ujishindie kitabu.' Dada, watu wa hapa si unawajua? Kwa kutoa jina la mtoto, nani atajizuia!"

"Watu baki wamwite mtoto wangu kabla yangu?" Armel, mume wa Christella, alikuwa ndiyo kwanza ametoka gereji Gikondo, mikono ina grisi.

"Shemeji, iko tangazo tu. Jina la kweli utatoa wewe. Kaoge, unanuka dizeli."

Na tangazo likafanya kazi, hapo hakuna wa kubisha. Majina yakamwagika, na waliotoa majina wakataka kitabu. Ila lile moja aliloligeukia mtoto, lililotumwa na mtu asiye na picha, lilipendwa kuliko mengine yote.

"Tutangaze mshindi," Ingrid akasema, "la sivyo watatuita matapeli."

Christella alikuwa ananyonyesha. Kwa kidole kimoja akaandika: Jina limepokelewa. Asante.

Mchana huohuo nyumba ikaanza kunuka maziwa yaliyolala. Akafua nguo za mtoto, akapiga deki, harufu iko palepale. Akasikia mtu anafagia uani, taratibu, kama mkwe mgeni anayetaka kupendwa, akachungulia, na ufagio ulikuwa umeegemea ukuta na vumbi lote liko mahali pake.

Siku ya nane Armel alimnyanyua mtoto mbele ya wageni. "Gwiza," akasema, na mtoto akakaza mgongo kama ubao, akalia, si kilio cha kichanga, kilio cha mtu mzima aliyenyang'anywa kitu chake, na tangu hapo ziwa hakulitaka, maziwa ya chupa akayatema, na kituo cha afya wakasema hawaoni ugonjwa, mama ajaribu tena. Ingrid, kwa huruma, akamnong'oneza lile jina. Mtoto akanyonya kidogo, akaacha, akabaki anamtazama mama yake mdomoni. Anasubiri litoke kwake.

Wakampeleka Biryogo kwa Mama Raihana, anayewatoa watu majini kwa kisomo. Hakumgusa mtoto.

"Nani alilitoa jina?"

"Hatumjui, mama. Wa mtandaoni."

"Na nani alilipokea?"

Christella akainamisha kichwa. "Mimi. Kwa kuandika tu."

"Umewahi kulitamka?"

"Hapana."

"Basi bado halijashika. Nisikilize, mwanangu. Wewe ndiye uliyemzaa. Likitoka mdomoni mwako, mwenye jina ameshakaribishwa. Mwite Gwiza. Atalia. Mwache alie. Akikubali kunyonya kwa jina la Gwiza, huyo mwingine ataondoka."

"Na asipokubali?"

Mama Raihana akafungua kitabu chake, akaanza kusoma.

Ingrid alifuta tangazo, na Christella akamwita Gwiza, akamwita kwa wimbo, akamwita amepiga magoti, akamwita mpaka sauti ikakauka, na mtoto akalia mpaka na yeye sauti ikakauka, kisha mchana wa mvua akaacha kulia, na huko kuacha ndiko kulikomtisha mama yake kuliko kilio chote, kwa sababu Armel alikuwa amekimbilia barabarani kutafuta gari la kwenda hospitali, na midomo ya mtoto ilikuwa imepasuka, na mwili ulikuwa mwepesi mikononi kama kanga iliyokunjwa, na macho yalikuwa bado yako wazi, bado yanamtazama mdomoni, hayaombi, yanasubiri tu, na Christella akajiambia ni mara moja, ni kwa sauti ya chini, mvua inapiga mabati, nani atasikia, akainama sikioni mwa mwanawe, akalitamka.

Mtoto akafungua mdomo, akalishika ziwa, akanyonya kwa nguvu. Christella akalia kwa furaha. Asante Mungu, asante, asante.

"Abee, mama," ikaitikia sauti ya mwanamke mzima nyuma ya pazia la mlango. "Nakuja."

Nyayo zenye maji zikaingia sebuleni. Mtoto akaliachia ziwa, akasogeza kichwa pembeni, kama mtu anayempisha mwenzake.