Asiye Mteja Asibonyeze

Kila asubuhi fundi alifungua chumba chake na kufuta vumbi mezani. Yeye hakushona nguo. Alitengeneza cherehani zilizoharibika. Kazi hiyo alifundishwa na mumewe, naye alipofariki akamwachia chumba. Mama mkwe wake alikaa naye humo kutwa. Bibi huyo alikuwa na simu kubwa na shughuli ndogo.

Jumatatu moja alikuja shemeji, mdogo wa marehemu. Hakukaa.

"Shemeji, hapa hapana wateja," alisema. "Mwisho wa mwezi nipe ufunguo. Nataka kuweka saruji yangu."

"Chumba hiki ni changu. Sitoki."

"Utakaa na vumbi mpaka lini?"

"Mpaka nilizoee. Sitoki."

Mama mkwe akamtazama mwanawe. "Ukitafuta pa kuweka saruji, kichwani mwako mna nafasi."

Shemeji akaondoka amenuna. Lakini alikuwa amesema kweli. Fundi alikuwa ameweka tangazo la kulipia mtandaoni wiki tatu kabla ya hapo. Watu walilibonyeza sana, ila mlangoni hakuja mtu. Akachukua simu yake, akamwita jirani yao mpiga chapa, ambaye naye hutangaza kazi zake mtandaoni.

"Mdogo wangu," mpiga chapa alisema, "tangazo hili unakatwa pesa kila linapobonyezwa. Mtu alete kazi, asilete, umekatwa. Hebu tuone wanaobonyeza walikuwa wanatafuta nini."

Akafungua orodha. Mmoja alitafuta cherehani ya kununua. Mwingine alitaka mafunzo ya kushona. Mwingine alitaka picha ya cherehani, aichore.

"Huyo wa kuchora nimemlipia mimi?"

"Wewe."

"Basi ningemnunulia na penseli."

"Tangazo huonyeshwa anayetafuta neno ulilochagua, na wewe umechagua neno 'cherehani' peke yake. Ni pana mno. Chagua maneno ya mwenye shida: kutengeneza cherehani iliyoharibika. Halafu weka maneno ya kuzuia: kununua, mafunzo, picha. Anayetafuta hayo hataonyeshwa tangazo lako. Na lionekane mji huu tu. Nani atasafiri siku mbili na cherehani begani?"

Kisha akakunja uso. "Mbona kila siku saa moja asubuhi mibonyezo inapanda? Tena inatoka mtaa huu huu."

Wote wawili wakamgeukia mama mkwe.

"Mnanitazamia nini? Mimi hulijulia hali tu. Nimewaambia na wenzangu wa kikundi, wako ishirini na watatu. Tunalitia nguvu."

"Mama," fundi alisema polepole, "kila mnapolijulia hali, mimi nakatwa."

"Mtambo wa matangazo hugundua baadhi ya mibonyezo kama hiyo na kurudisha pesa," mpiga chapa alisema, "lakini msiutegemee."

Bibi akashika simu, akawatumia wenzake sauti: "Jamani, acheni kumuua mkwe wangu kwa vidole."

Lilibaki jambo moja. Mtu akibonyeza, alifikishwa kwenye ukurasa wa fundi, akakutana na picha kubwa ya marehemu na maisha yake yote. Namba ya simu ilikuwa chini kabisa.

"Mungu amrehemu," mpiga chapa alisema, "ila namba ije juu."

Fundi akaishusha picha mwenyewe. Juu akaandika: "Cherehani imekwama? Naitengeneza siku hiyo hiyo. Piga simu." Mpiga chapa akamwandikia tangazo la pili lenye maneno tofauti, ili walinganishe.

Wiki ya kwanza mibonyezo ilipungua.

"Wametukimbia," mama mkwe alisema.

"Waliokimbia ni watazamaji, mama," fundi alimjibu. Simu ikaita akiwa bado anasema. Mshonaji wa sare za shule alikuwa na cherehani nne zinazoruka mshono. Kesho yake wakapiga wawili. Tangazo la "siku hiyo hiyo" ndilo lililoleta simu nyingi zaidi, basi wakalifunga lile jingine. Tangu hapo, kila Ijumaa fundi alisoma orodha ya maneno na kuongeza ya kuzuia.

Mwisho wa mwezi shemeji alikuja na futi yake, tayari kupima chumba. Akasimama mlangoni. Cherehani zilijaa mezani na sakafuni, kila moja ina karatasi ya jina la mwenyewe. Mama mkwe alikuwa anaandika karatasi nyingine.

"Nimefuata ufunguo," shemeji alisema, lakini kwa sauti ndogo.

Fundi hakuinua macho kutoka kwenye skrubu aliyokuwa anakaza.

"Sogea kidogo, shemeji. Unamzibia mteja njia."

Shemeji akageuka. Nyuma yake alisimama mwanamke mwenye cherehani begani, anahema. Shemeji akasogea.